Neno Ambalo Baba Alitoka Nalo Wodini

Juzi nilikuwa sokoni Arusha, upande wa vitunguu. Muuzaji alikuwa amepanga magunia ya vitunguu vya Mang'ola, vile vyekundu vyenye maganda yanayochakarika, na pembeni, juu ya stuli, aliweka chupa chache za asali. Moja ilikuwa imevuja. Harufu mbili zikanipata kwa pamoja, ile kali ya vitunguu na ile ya asali iliyorinwa kwa moshi, nikajikuta nimeziba mdomo kwa kiganja kama mtoto aliyekatazwa kusema. Muuzaji akaniuliza kama ninajisikia vibaya. Nikamwambia hapana, nikanunua vitunguu ambavyo sikuvihitaji, na asali nikaiacha palepale.

Mdomo wangu niliuziba hivyo kwa mara ya kwanza nikiwa ndio kwanza naota meno ya mbele ya ukubwani. Nawaandikia hasa nyinyi wa rika langu, mliokunywa chai ya miaka ile. Mnakumbuka sukari ilivyokuwa. Ilikuja dukani kama mgeni wa heshima: kwa taarifa, kwa foleni, na haikukaa. Watu walitia chumvi kwenye chai na kusema wamezoea. Kwetu hatukutia chumvi, kwa sababu tulikuwa na Mjomba Boay.

Kijiji chetu kilikuwa juu ya Karatu, karibu na msitu, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka watoto wawe wameshafika shuleni na miguu iliyolowa. Barabara ya kupandia Ngorongoro ilipita chini ya zahanati, na nyumba yetu ilikuwa nyuma ya zahanati, kwa sababu baba yangu ndiye aliyekuwa dresa wa pale. Kazi yake ilikuwa kuosha vidonda, kuchoma sindano, kugawa vidonge na kuamua nani apelekwe hospitali. Hakuwa daktari, lakini kijiji kizima kilimwita daktari, naye hakumsahihisha mtu.

Baba alikuwa na Kiingereza, na Kiingereza hicho chote alikiokota wodini. Katika ujana wake alifagia wodi za hospitali moja ya misheni, mbali na kwetu, mpaka wakamfundisha kufunga vidonda. Alifagia masikio wazi. Alijua neno la usaha, la kuhara, la kuvimba, la kuzirai. Neno la kufurahi sidhani kama alilijua, maana wodini hakuna aliyelihitaji. Lakini yale aliyoyajua aliyajua barabara, na aliyatumia nyumbani kama watu wengine wanavyotumia vyombo vya kabatini, kwa fahari na kwa uangalifu.

Mojawapo ya maneno hayo lilikuwa rave. Sisi nyumbani tulilitamka revu, na tukaligeuza la kwetu kabisa. Baba alituambia kwamba daktari wa kizungu alipopita asubuhi kukagua vitanda, alimuuliza muuguzi mgonjwa wa kona ile amelalaje, na muuguzi akajibu kwamba alikuwa anarevu tangu jioni. Maana yake aliweweseka, alisema ovyo kwa homa, alikuwa karibu na kufa. Kwa hiyo ukipiga domo mezani baba alikuuliza, "Wewe, umeanza kurevu?" na wote tukacheka. Mama, ambaye hakwenda shule kabisa, alilitumia neno hilo kumsema kuku aliyetaga.

Mimi nilikuwa na maana yangu ya siri. Mgonjwa wa kwanza niliyemwona anarevu alikuwa mzee wa Kimasai aliyeshushwa kutoka juu huko, amebebwa kwenye blanketi na vijana wake. Alikuwa akiwaita ng'ombe mmoja mmoja kwa majina, na alipoita, ndevu zake chache nyeupe zilitetemeka. Nikaunganisha revu na kidevu, nikahitimisha kwamba ni ugonjwa wa ndevu. Mimi na mama tulikuwa salama. Nilimwonea baba huruma, kwa kuwa alinyoa siku za Jumapili tu.

Mjomba Boay alikuwa mdogo wake mama, na aliishi kwenye chumba cha nje hapo kwetu tangu wazazi wao walipofariki. Mizinga yake aliining'iniza pembezoni mwa msitu, kwenye miringaringa, na maua meupe ya miti hiyo yalipochanua alinusa upepo na kutamba kwamba nyuki wake wako kazini wakati watumishi wa serikali wamelala. Hilo lilikuwa jiwe alilomrushia baba. Walikuwa mashemeji na walitaniana, lakini hata mtoto aliweza kusikia kwamba utani wa mjomba ulikuwa utani tu, na wa baba ulikuwa na kitu ndani yake. Mjomba hakujua kusoma, hakuwa na ng'ombe, hakuwa na mke, na bado watu waliokuja zahanati walipitia kwanza kwenye chumba cha nje kumsalimia. Akiwasimulia habari za nyuki, wagonjwa walisahau foleni.

Mimi nilimpenda mjomba kuliko nilivyompenda baba. Baba amekwisha kufa, naweza kuliandika bila kumuumiza. Mjomba ndiye aliyenisuka nywele mama alipokuwa shambani, akizivuta vibaya na kuniambia nitafanana na mzinga.

Mwaka ule mdogo wangu, Daudi, bado wa kunyonya, alishikwa na kifua. Baba alifanya alichoweza, kisha akasema mtoto apelekwe hospitali, na gari hakuna. Alikuwepo mzungu mmoja na mkewe waliokuwa wakiishi karibu na geti la Ngorongoro, kazi yao kuwaangalia wanyama na kuandika wanavyoishi, jambo ambalo mjomba alilicheka mpaka machozi. Land Rover yao ilikuwa inateremka. Mama akasimama katikati ya barabara na mtoto mikononi. Mama mzungu hakuuliza hata jambo moja. Alishuka, akamkalisha mama mbele, yeye akaenda kukaa nyuma na magunia. Daudi akapona.

Waliporudi, mama alisema hawezi kukaa na deni la namna hiyo moyoni. Tulikuwa na kuku wawili na asali. Mjomba akachagua asali ya mringaringa, ile nyeupe nyeupe, akaichuja kwa kitambaa safi na kuitia kwenye chupa kubwa ya dawa ambayo baba aliichemsha mwenyewe. Nikapewa niibebe hadi barabarani nikiwa na mama, tukaisubiri Land Rover. Kizibo kilikuwa cha gunzi la mahindi na kilivuja kidogo. Mama alipoangalia barabara, mimi nililamba. Niligeuza chupa nikalamba upande wa pili pia. Mama mzungu alipoipokea aliishika kifuani kama alivyomshika Daudi, akasema maneno mengi ambayo hakuna kati yetu aliyeyajua.

Haikupita wiki, mume akaja peke yake zahanati. Siku hiyo dereva wao, Idi, kijana wa Karatu mjini aliyezoea kuwafasiria, hakuwepo. Mzungu aliendesha mwenyewe. Mimi nilikuwa sakafuni ndani, navingirisha pamba kuwa vidonge vidogo vya kusafishia vidonda, kazi niliyoipenda. Baba akasimama, akavuta koti lake jeupe, akasalimia kwa Kiingereza. Mzungu akafurahi kumpata mtu wa kuongea naye. Akaongea haraka, mikono inaruka. Na katikati ya maneno yake mengi, kama sauti ya mtu unayemfahamu ndani ya umati, nikasikia neno letu. Revu. Halafu tena, revu.

Nilimtazama baba. Uso wake ulikuwa umebadilika, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu mzima akiogopa.

Mengine baba alimweleza mama jioni ile, nami nilisikia, kwa hiyo naweza kuyapanga. Mzungu alisema mkewe anarevu juu ya ile asali tangu Jumapili. Hanyamazi. Hata wageni wakija, yeye ni hiyo tu. Kisha akauliza nani aliirina asali ile. Akauliza ilirinwa wapi, na nyuki walikula maua gani. Baba aliyasikia maswali hayo kama mtu aliye mbele ya polisi. Akajibu kwamba hajui. Akasema asali ile wanawake waliinunua barabarani kwa mpita njia, mtu wa mbali, hata jina hana. Mzungu akaonekana kusikitika. Ndipo baba, kwa sababu bado alikuwa mtu wa tiba, akamfungia vidonge vya klorokwini na aspirini kwenye karatasi, akamwelekeza amlaze mkewe chumba chenye giza na kumwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Mzungu alivitazama vile vidonge, akamtazama baba, akacheka kwa sauti, akampiga bega na kuondoka navyo.

Mama akauliza, anacheka vipi mtu ambaye mkewe anakufa?

Baba akasema wazungu ndivyo walivyo; aliwaona wodini wakicheka mbele ya maiti ili wasilie. Hilo alilisema kwa uhakika sana. Nimelifikiria mara nyingi. Kila kitu kilikuwa mbele yake, kicheko, mkono begani, yule mtu alivyong'aa uso, na baba akaamini neno moja kuliko vyote hivyo, kwa sababu neno lile alilijua.

Asali yote iliyokuwa ndani ilimwagwa siku hiyo hiyo. Baba aliimwaga mwenyewe nyuma ya choo, debe zima na vibuyu, na nyuki wakaja, na siafu wakaja, na harufu ikakaa pale siku nyingi. Kisha akamwita mjomba. Alimwambia kwamba nyuki wake wamekwenda kwenye minyaa, ile miti ya utomvu mweupe, na sote tunajua asali ya minyaa inawasha koo na kuharibu mtu. Mjomba akasema minyaa iko mbali na mizinga yake, na asali ya minyaa ungeijua ukiitia tu ulimini. Alisema kwa upole. Nadhani alifikiri ni utani mrefu.

Na hapo ndipo nilipoingia mimi. Ugonjwa ule kumbe haukuwa wa ndevu. Mama mzungu hakuwa na ndevu, nilimwona kwa karibu. Ulikuwa ugonjwa wa asali, na mimi nililamba pande zote mbili za chupa. Kwa akili yangu revu ilikuwa kitu kinachokaa tumboni, kikipanda na kutoka kwa njia ya mdomo, maneno yanayotoka yenyewe. Basi dawa ilikuwa rahisi: nisifungue mdomo. Nilinyamaza usiku, asubuhi nikaamka nimenyamaza. Shuleni mwalimu aliniuliza hesabu na nikamwangalia tu, kiganja mdomoni. Alinichapa, nikalia kwa pua. Chakula nilikula kidogo kidogo, nikiingiza na kufunga haraka.

Mwalimu akampelekea baba habari. Baba akanikalisha kwenye meza ya wagonjwa, akanifungua mdomo kwa kijiti, akanimulika macho kwa tochi. Aliuliza kama nilikula ile asali. Nikatikisa kichwa kukubali. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na mimi nikaona kutetemeka huko kama uthibitisho kwamba nitakufa. Yeye naye akaona ukimya wangu kama uthibitisho wake. Tukawa tunaogopeshana hivyo, mimi na baba, kila mmoja akisoma ugonjwa kwenye uso wa mwenzake.

Kijijini hakuna kinachofichika. Wakaanza kusema mtoto wa daktari amefungwa mdomo. Kisha wakaanza kuuliza ni nani ndani ya nyumba ile asiye na mke wala ng'ombe na bado anapendwa na watu. Waliokuwa wakipitia chumba cha nje kumsalimia mjomba wakaanza kuzungukia upande mwingine.

Mchana mmoja baba alitukusanya nje, mama, Daudi mgongoni mwake, mimi na mjomba. Alikuwa amevaa koti jeupe, ingawa zahanati ilikuwa imefungwa. Alisema mama mzungu akifa, gari la polisi litakuja, na la kwanza watakalouliza ni nani alirina.

"Mimi nimeshasema simjui," baba alimwambia mjomba. "Wakikukuta hapa kwangu, mimi ni mwongo. Kazi nimepoteza, hawa watoto wanakula nini?"

Mjomba aligeuka. Aliingia chumbani kwake akatoka na kibuyu kidogo, cha mwisho, ambacho baba hakukipata siku ya kumwaga. Alichovya kidole, akalamba. Akachovya tena, akalamba, polepole, akimwangalia baba usoni.

"Nakula mbele yako, shemeji," alisema. "Nikianza kuweweseka si una sindano?"

Baba akasema mjomba ameizoea, mwili wake umeshazoea sumu. Mjomba akamgeukia mama. Mama alikuwa akimtazama mumewe, halafu mdogo wake, halafu mimi na kiganja changu mdomoni. Sijui alikuwa anapima nini. Ninachojua ni kwamba aliniangalia mimi kwa muda mrefu zaidi, na alipoinua macho hakumwangalia tena mdogo wake.

Mjomba akachuchumaa mbele yangu. Aliuondoa mkono wangu mdomoni taratibu, akaniambia, "Paska, sema kitu. Sema hata jina langu."

Nilitaka. Mungu anajua nilitaka. Lakini niliamini nikifungua mdomo itatoka revu badala ya jina lake, na itamruka yeye, na yeye nilimpenda. Nikaubana mdomo mpaka meno yangu mapya yakauma. Akasubiri, kisha akanirudishia mkono wangu mdomoni, kama mtu anayerudisha kifuniko mahali pake.

"Naenda kwa ajili ya dada," alimwambia baba. "Si kwa ajili ya polisi wako."

Asubuhi yake alipanda lori la vitunguu lililokuwa linarudi Mang'ola tupu. Kule chini karibu na ziwa walihitaji watu wa kufungulia maji mashambani na kung'oa vitunguu, na hawakuuliza mtu ametoka wapi. Alikwenda na blanketi lake. Mama alimwambia avae shati la mikono mirefu jioni, kwa kuwa sisi wa baridi hatuwajui mbu wa kule. Hilo ndilo lililokuwa kwaheri yao. Mizinga aliwaachia nyuki.

Kwangu mdomo ulifunguka wenyewe. Daudi alikuwa akitambaa kuelekea motoni nikapiga kelele, na kilichotoka kilikuwa jina lake tu, zima, bila ugonjwa. Nikasema jina langu. Nikasema la mjomba. Nilikimbia mpaka chumba cha nje kumwonyesha, nikakuta wameshaweka mahindi.

Mvua zilipokaribia, Land Rover ikasimama chini ya zahanati. Safari hii Idi alikuwa anaendesha, na kando yake alikaa mama mzungu, mzima, mashavu mekundu, chupa yetu ya dawa mapajani ikiwa imeoshwa. Alishuka akamkumbatia mama. Akamwinua Daudi juu. Akampa baba mkono na kusema jambo lililomfanya mwenyewe acheke, na Idi akalifasiri: mama huyu anashukuru kwa vidonge, mume wake amewasimulia rafiki zao wote kwamba daktari wa kijiji huyu ni mtu wa utani sana.

Kisha akainua ile chupa tupu. Idi akasema mama anaomba asali nyingine, safari hii atanunua, na zaidi ya hapo anaomba amwone mtu anayerina, ampe mkono wake. "Hii asali imemmaliza," Idi alisema. "Kila mgeni akija lazima aisifie. Sisi tumechoka kusikia."

Yule mama akatikisa kichwa kukubali, mkono kifuani, akalitamka neno letu kwa kinywa chake mwenyewe, akicheka.

Mama aliuliza neno hilo ni nini. Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akimuuliza mtu mwingine maana ya Kiingereza mbele ya baba. Idi akamwambia, revu, mama, ni kama kusifia kitu kupita kiasi, mpaka watu wakuone una wazimu kidogo. Alisema wazungu wanaliongea kila siku, kwenye hoteli za juu huko wanarevu chakula, wanarevu tembo, wanarevu ukungu.

Baba alikuwa amesimama, mikono ndani ya mifuko ya koti. Akasema asali imekwisha. Aliyerina alikuwa mpita njia. Alisema hivyo mbele yetu, mbele ya mama, na Idi akafasiri, na uso wa mama mzungu ukaanguka. Walituachia chupa.

Hapo ndipo nilipoanza kumwogopa baba, si kwa kuwa alikosea. Kukosea neno ni jambo la watu wote, lakini sasa alijua. Jioni ile mama alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba Paskalina, kamlete ndugu yangu," na baba akasema ndiyo, atakwenda, lakini wakaguzi wa zahanati wanakuja. Wakaja wakaondoka. Akasema barabara ya Mang'ola ina matope. Matope yakakauka. Akasema ni heshima gani mtu mzima kumfuata shemeji yake mdogo mashambani. Mama hakugombana. Alichukua ile chupa tupu akaiweka dirishani, mahali ambapo baba alinyolea ndevu, na kila Jumapili baba alinyoa akiwa anaitazama.

Habari zikaletwa na turniboi wa lori: Boay ana homa, siku kadhaa sasa, hata chakula hali. Baba aliposikia hakutafuta sababu. Alichukua sindano, chupa za kwinini, kila alichokuwa nacho kabatini, akapanda kwenye lori hilo hilo na koti lake jeupe chini ya jaketi. Mama alimsindikiza hadi barabarani. Nilimsikia akimwambia amwambie mjomba chumba chake kiko wazi, mahindi yametolewa. Ilikuwa kweli, nilisaidia kuyatoa mwenyewe, asubuhi hiyo, na nilifagia.

Baba alirudi na lori lililojaa. Aliteremka mbele ya zahanati akinuka vitunguu mwili mzima, hajanyoa, ana blanketi la mjomba limekunjwa kifuani. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alipoliona lile blanketi bila mwenyewe alishika mwimo wa mlango, na hakuna aliyehitaji kumwambia kwamba mdogo wake amezikwa.

Aliingia akakaa. Baba akakaa mbele yake. Akaeleza, kwa maneno ya zahanati, kwamba alichelewa, homa ilikuwa imeshapanda kichwani, alimchoma sindano na haikusaidia kitu. Mjomba hakumtambua. Alikuwa amelala kwenye kibanda cha majani karibu na mfereji, wenzake wamemzunguka, na alisema mfululizo mpaka mwisho. Kisha, kwa mazoea nadhani, au kwa sababu hakuwa na neno jingine, akasema, "Alikuwa anarevu."

Mama akainua kichwa.

"Ya wodini," aliuliza, "au ya yule mama mzungu?"

Baba alilitazama blanketi magotini mwake. Nilikuwa sijawahi kumwona akitafuta jibu namna ile. Ndevu za siku mbili kwenye kidevu chake zilikuwa zinatetemeka, na nikakumbuka nilichokuwa nikikiamini nilipokuwa mdogo zaidi.

"Alikuwa ananisifia mimi," alisema. "Anawaambia wale vijana wasiogope, shemeji yake ni daktari, anajua kila kitu, yuko njiani anakuja."

Mama alilichukua lile blanketi, akalinusa, akalipeleka chumba cha nje na kulitandika juu ya kitanda. Aliporudi alichochea moto, akamchemshia baba chai. Baba aliinywa kavu. Sukari haikuwepo, na asali hatukuwa nayo tena.